Swali la Shangazi Rael

Nakumbuka siku moja ya likizo, miaka ile ya tisini, nilipofika nyumbani Kiptere nikamkuta shangazi yangu Rael ameketi nje juani, shuka mabegani, peke yake. Hilo lilinishangaza, mwanangu, maana boma lake halikuwahi kukosa watu. Ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani, na akichuma chai sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Alikuwa amekohoa muda mrefu. Walimtibu kifua kikuu, dawa ikakataa, mwishowe daktari akasema ni saratani ya mapafu. Habari ilipofika kanisani, akina mama wakaanza kunong'ona kwamba lazima alikuwa anavuta sigara kwa siri. Wakaacha kumtembelea.

Mimi wakati huo nilikuwa chuo kikuu Nairobi, nasomea jenetiki. Nikamwambia nimeamua kuacha, nitafute nafasi ya udaktari, kwa sababu jenetiki haimponyi mtu.

Akaniangalia. "Kwa hivyo utaongeza idadi ya madaktari wa kuniambia pole?"

Nikaketi chini kando yake.

"Hawa wote wananiambia naugua nini," akasema, akivuta pumzi kwa shida. "Hakuna mtu ameniambia ni kwa nini. Sigara sijawahi kuweka mdomoni, Chebet. Sasa hii kitu imetoka wapi? Wewe ndio unasoma mambo ya ndani ya mwili. Rudi ukatafute. Usiniletee huruma."

Nilirudi chuoni. Alizikwa kabla mvua za masika hazijaisha, na wale wale waliomsengenya waliimba vizuri sana kaburini.

Nilipomaliza digrii ya kwanza, mwalimu wangu alinishauri nifanye utafiti wa miche ya chai. Ni kazi ya uhakika, akasema, tena iko kwenu. Ulikuwa ushauri mzuri, hata baba yangu aliupenda. Lakini nilimwambia mwalimu kwamba nataka mapafu. Akacheka kidogo.

"Saratani ya mapafu ni sigara. Utatafuta nini hapo?"

"Nitatafuta kwa wale ambao hawakuvuta," nikamjibu.

Hapo nikajua nimeshika njia yangu.

Nikaenda ng'ambo kusoma, nikaingia maabara, miaka ikapita. Tulikuwa wengi tukitafuta, katika nchi nyingi; sitakudanganya kwamba nilikuwa peke yangu. Kilichopatikana ni hiki: ndani ya seli za mapafu kuna jeni inayofanya kazi kama swichi, ya kuiambia seli ikue au itulie. Kwa wagonjwa fulani, wengi wao watu wasiovuta sigara kabisa, swichi hiyo imeharibika, imekwama, haizimiki. Ikatengenezwa dawa ya kuilenga hiyo tu, bila kuudhuru sana mwili wote.

Niliporudi nchini, mtu wa kwanza wa kwetu niliyemwona akiitumia alikuwa mama mmoja wa Ndanai, aliyeletwa hospitali niliyofanyia utafiti akiwa hawezi kumaliza sentensi. Tukapima uvimbe wake, jeni ikawa ni ile. Akapewa vidonge. Aliporudi kliniki alitembea mwenyewe, akanilalamikia kwamba ng'ombe wake walikamuliwa vibaya alipokuwa amelazwa. Nilimweleza wazi kwamba dawa ile haidumu milele, iko siku uvimbe huizoea.

"Sawa, daktari," akasema. "Lakini leo jioni nakamua mwenyewe."

Basi nisikilize, mwanangu. Usimtafutie mgonjwa kosa ili wewe ujione salama. Ukikuta jambo ambalo kila mtu ana jibu lake, na jibu lenyewe halimsaidii aliyeumia, ujue hapo pana kazi inayokungoja. Ishike, hata wanaokupenda wakikuonyesha iliyo rahisi. Huruma ni nzuri, lakini ipeleke shuleni, ipeleke maabara, iamke asubuhi ikafanye kazi.

Mungu akupe pumzi ndefu na mtu wa kukugombeza kwa upendo. Na kile unachokitafuta, akujalie ukipate ukingali na nguvu za kukitumia.