Chokaa ya Kampani

Kolwezi ya zamani, mti wa barabarani ulijulikana kwa chokaa. Sisi wa kikosi cha miti tulipaka mashina meupe hadi usawa wa kiuno, na kila mtu alijua: huu una mwenyewe, ni wa kampani ya mgodi, usiuguse.

Kisha mgodi ukaanguka, mishahara ikakatika, na watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa. Jirani yangu, mmoja wao, aliondoka kwa treni na godoro moja. Kando ya barabara, mbele ya nyumba yake, aliacha jakaranda aliyoimwagilia mwenyewe tangu ikiwa mche. Walioichukua nyumba walitaka kuukata mti huo wachome makala, mkaa wa kupikia.

Nilikasirika sana. Sikuwa na mshahara wala mkubwa wa kunituma, lakini gunia la chokaa lilikuwa limebaki kwangu. Nikaupaka mti asubuhi, mbele ya macho yao.

Mwenye shoka akasita. "Kumbe iko ya kampani?"

"Hauone chokaa?" nikamfokea.

Kampani ilikuwa imekufa, ila chokaa yake bado iliogopwa! Nikapaka mtaa mzima, hata miembe iliyojiotea. Chokaa ilipoisha, mama za mtaa wakaniletea udongo mweupe kutoka mtoni.

Miaka ikapita, jirani akarudi kututembelea. Jakaranda ilikuwa imechanua, barabara yote zambarau. Nikamsimulia habari ya shoka na chokaa. Akaweka kiganja kwenye shina, akakitazama kilivyobaki cheupe, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na we, tata, baba yangu," akaniuliza, "juu ya nini haukunipaka na mi?"