Uzi wa Mkata Karatasi

Kwa miaka ishirini na miwili alikata karatasi katika kiwanda cha kuchapa vitabu, na hakuna hata siku moja aliyorudishiwa kazi kwamba imekwenda upogo. Ukitilia shaka usimwulize, maana atakuonyesha sugu ya kidole gumba na kukuhadithia mpaka chai yako ipoe. Kiwanda kilipoleta mashine ya kukata, yeye alipewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani ambayo haikumaliza hata mwezi.

Hakukubali kukaa bure. Alikwenda kwenye karakana ya wifi yake, dada wa mumewe, ambako wanawake wanane walifuma shuka na vitambaa vya meza. Vitanda vya kufumia vilikuwa tisa. Kile cha tisa, kando ya dirisha, hakikuwa na mwenyewe, na yeye alikitaka mpaka roho ikamwuma. Wifi akampa mkasi wa kupunguza ncha za nyuzi za wenzake.

"Kwanza tukuone," alisema wifi.

Wakamwona kwa miezi saba.

Ndipo akaja mwalimu mgeni, kwa siku mbili tu, kuwaonyesha ufundi wa Wajapani wa kutengeneza uzi kwa karatasi. Unakunja karatasi, unaikata vipande vyembamba sana, lakini pande mbili unaacha pindo la upana wa kidole bila kuligusa. Ukishailowesha kidogo na kuisugua, unachana pindo kwa zamu, mara huku mara kule, na karatasi nzima inakuwa uzi mmoja mrefu. Mwalimu aliondoka akiwaachia karatasi ishirini zilizotengenezwa kwa nyuzi za magome ya miti.

"Haya, mama wa makaratasi," wifi akamtania mbele ya wote. "Tufumie kitambaa cha uzi huo. Nitakifua hapa hapa. Kikisalimika, kitanda cha dirishani ni chako."

"Kisiposalimika?"

"Utarudi kwenye mkasi wako, na mimi nitacheka mpaka mbavu ziniume."

Nyumbani alifuta meza, akaweka rula, akanoa kisu. Kata ya kwanza ikateleza mpaka ukingoni na kulipasua pindo. Ya pili vilevile. Alipofika karatasi ya tisa, mezani palikuwa na rundo la vipande vifupi visivyofaa hata kufungia mboga. Mumewe alichungulia.

"Mke wangu, mkono wako hauna kosa. Umezoea kumaliza kazi, basi."

Ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli. Kiwandani, ukingo usiokatika ulikuwa aibu, na aibu ile aliikimbia miaka yote. Alilia kidogo, akajifuta, akakasirika. Mume alitaka kupigilia vibao viwili mezani ili kisu kigonge na kusimama.

"Usithubutu," alimwambia. "Mkono huu niliufundisha mwenyewe. Nitaufundisha tena."

Kwa wiki tatu alikata magazeti ya zamani. Mazoea yana taabu, lakini hata yeye ana kichwa kigumu. Siku kisu kiliposimama pale alipotaka mara hamsini mfululizo, alitoa zile karatasi kumi na moja zilizobaki. Hakuna hata moja iliyoharibika. Alizifunga katika taulo bichi, akazisugua juu ya tofali la saruji mpaka vipande vikawa mviringo, akachana pindo, akasokota. Kila alipochana palibaki kifundo kidogo kama punje ya ufuta, naye akavipenda vyote. Mume alimpigilia fremu ya mbao. Hilo alimruhusu. Akatandika uzi wa pamba, akapitisha wa karatasi.

Siku ya kufua, wafumaji waliacha kazi wakazunguka beseni. Wifi alitia sabuni, akafikicha, akakamua kitambaa kama mtu mwenye kisa nacho. Mkata karatasi aliukaza uso.

"Vuta na pembeni," alisema. "Usikionee huruma."

Wifi akavuta pembeni. Akakipeleka dirishani, akakikagua kwenye mwanga, kifundo kwa kifundo. Hakikuachia popote. Kilikuwa kimelainika tu. Wifi alikwenda kwenye kitanda cha tisa, akaondoa vikapu vyake, akafuta benchi kwa upindo wa gauni lake. Kisha akachukua karatasi tupu mezani, akaja nayo ikidondokewa maji ya sabuni ya mikono yake.

"Hivi, wifi yangu, unaanzia wapi?"

Mkata karatasi alikaa kwenye benchi lake bila haraka. Fahari ilimjaa mpaka kooni, naye hakuizuia.

"Kaoshe hiyo sabuni kwanza, ujikaushe," alisema. "Karatasi haishikwi na mikono ya maji."

Wifi, mbele ya wafumaji wake wote, akaenda kunawa.