Alimhesabia Mumewe

Mama Hesabu, binti wa seremala aliyechonga madawati ya shule tatu, mjukuu wa mkunga ambaye hakupoteza mzazi hata mmoja, mke wa Mwalimu aliyefundisha karate miaka thelathini katika ukumbi wa kukodi: huyo ndiye mwenyewe. Jina alipewa na wanafunzi wa mumewe. Alikuwa akishona sare zao kwenye kona ya ukumbi, na huku cherehani inakwenda, yeye ndiye aliyewahesabia kata, ule mfuatano wa mapigo na hatua anaoufanya mtu peke yake bila mpinzani. Kwa kuona na kusikia, mwili wake ukashika. Mkanda hakuwahi kuvaa.

Sasa akili ya Mwalimu ilikuwa ikimtoroka. Tangu alipookotwa kituo cha mabasi, peku, mkewe hufunga mlango na ufunguo hukaa kifuani. Miezi minane, vyumba viwili, dirisha moja la nondo. Nani kamfunga nani, hata yeye hakujua tena. Na binti yao, mfanyakazi wa zamu kiwandani, alikwisha kusema: "Siku akikugusa tu, mama, anaenda kituo cha wazee. Sitaki mjadala."

Asubuhi moja alikuwa akimfunga vifungo vya shati, Mwalimu akamdaka mkono.

"Mwizi wewe! Umeingilia wapi?"

"Ni mimi, mke wako."

"Mke wangu kijana. Wewe kikongwe umetoka wapi?"

Siku nyingine angecheka. Vidole vilikaza mpaka mkono ukafa ganzi, kiganja cha pili kikapanda kooni. Nyuma ukuta, mbele mume, mlango una kufuli. Jirani akagonga dirisha.

"Mama Hesabu, kuna nini humo?"

"Kabati limeanguka!" alijibu, sauti ikikwaruza. Akipiga yowe watavunja mlango. Wakivunja, Mwalimu anaondoka.

Basi mwili ukaanza bila kuomba ruhusa. Mkono uliokamatwa ukazunguka kuelekea kidole gumba cha mzee, pale mshiko ulipo dhaifu, ukachomoka. Kiwiko kikapanda, kikaondoa kile kiganja cha kooni. Ngumi ikarudi kiunoni. Ilikuwa hatua ya nne ya kata, ile ambayo wanafunzi waliifanya kivivu wakidhani ni pambo. Kifua cha mzee kikabaki wazi. Ngumi ilikuwa tayari. Hakuirusha.

"Tano!" akapaza, kwa sauti ile ya ukumbini.

Mwalimu akakunja magoti, akapiga ya tano hewani. Sita. Saba, mke naye sambamba. Kitanda kikamzuia, akageuka. Walipofika ishirini akainama kwa heshima, jasho likimtiririka.

"Unafanya safi, bibi. Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Mimi? Hata sikufahamu."

Mchana binti akafika, akaona alama za vidole mkononi na shingoni mwa mama. "Nilisema nini mimi? Napiga simu."

"Piga. Ila kwanza simama hapa, miguu sawa na mabega."

"Mama, huu si wakati wa utani."

"Miezi minane sijaona barabara. Nitakwisha humu ndani. Lakini kumtupa, simtupi. Wewe uliacha mazoezi ukasema kata ni kupigana na upepo. Haya, leo upepo umenikaba koo, na kata ndiyo iliyonitoa."

Binti akaweka simu mezani. Wakarudia hatua ya nne mara kumi na mbili, mama akimshika kwa nguvu zote, hana huruma, mpaka binti akajua kujinasua.

"Jumanne na Ijumaa ni zako kumlinda, mimi nitoke," mama akasema. "Mhesabie kwa sauti. Akikukamata, jitoe, usimpige, taja namba inayofuata. Ukisahau, rudi mwanzo. Yeye usimwulize."