Kereng'ende wa Baba Vaileth

Kwa miaka thelathini na minane ya ndoa, Magdalena alimnung'unikia mumewe kwa jambo moja tu. Thomasi alikuwa mlinzi wa chemchemi ya kijiji, huko Akheri. Kazi yake ilikuwa kuzibua mfereji, kufyeka magugu na kufukuza ng'ombe wasikanyage maji. Magdalena aliona ni kazi ya nusu saa. Lakini Thomasi alitoka jua halijachomoza na kurudi chai imeshapoa, suruali imelowa hadi magotini, ametulia kama mtu aliyetoka ibadani. Akiulizwa alikuwa wapi, alijibu, "Majini."

Mwaka juzi, mwezi wa sita, Thomasi alianguka katikati ya migomba. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Binti yao Vaileth alikuja kutoka Nduruma, akakaa wiki tatu, kisha akarudi kwa watoto wake. Kamati ya maji ilipouliza nani atashika ile kazi, Magdalena alisema atashika yeye, na mume wake akipona atamrudishia. Hakuna aliyembishia.

Akaanza kushuka bondeni kila alfajiri. Alifyeka, akazibua, akapanda mbio kumgeuza mgonjwa kitandani. Hivyo hivyo hadi Novemba, mvua za vuli zimeshaanza, alipoinama kung'oa magugu akaona mdudu wa rangi ya tope akitoka majini na kupanda kwenye tete. Mdudu akaling'ang'ania tete, akatulia. Mgongo wake ukapasuka.

Magdalena aliweka panga chini.

Mle ndani akajitoa kereng'ende, mweupe mweupe, laini, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Akaning'inia. Mabawa yakajinyoosha kidogo kidogo, na jua lilipofika bondeni akatetemeka, akaruka. Ganda tupu likabaki limeshika tete. Magdalena alipotazama simu yake aliona saa nzima imekwisha, naye hakuwa amefyeka kitu.

Alilibeba lile ganda nyumbani juu ya jani la gimbi, akalilaza kifuani pa mumewe na kumsimulia yote. Thomasi alilitazama muda mrefu. Kisha mdomo wake ukahangaika.

"Tope," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya miezi mitano. Magdalena alimjibu kwamba ndiyo, alikuwa na rangi ya tope. Thomasi akatikisa kichwa. Akaelekeza kidole chini, akafumba na kufumbua kiganja cha kushoto mara nyingi, mpaka mkewe akaelewa: yule mdudu alikaa topeni miezi na miezi kabla ya kupanda.

Tangu hapo Magdalena alimletea habari kila asubuhi. Kulikuwa na dume jekundu la kereng'ende lililomiliki tete moja. Lilifukuza kila aliyekaribia, kisha likarudi kutua palepale. Kulikuwa na jike lililogusa maji kwa ncha ya mkia, likainuka, likagusa tena, kama mtu anayechovya tonge kwenye mchuzi. Alisema linakunywa. Thomasi akakunja uso. "Mayai," akamsahihisha.

Jumapili moja baada ya ibada, Magdalena aliketi ukingoni mwa kitanda na gauni lake la kanisani.

"Baba Vaileth, nina jambo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wa tatu nilikufuata bondeni. Nilidhani una mwanamke."

Thomasi alimtazama.

"Nikakukuta umechuchumaa unaangalia matete. Nikarudi bila wewe kuniona. Niliona aibu, na bado niliudhika. Angekuwa mwanamke, ningejua la kumfanya."

Thomasi alicheka kwa ule upande wa uso uliobaki na nguvu, hadi kitanda kikatikisika. Kicheko kilipokwisha alitafuta neno, likamkimbia, akalitafuta tena.

"Ungekaa," alisema.

Magdalena aliinuka akaenda jikoni. Alisimama pale kitambo, mkono juu ya meza, ndipo akakumbuka kuwasha moto.

Januari aliwaomba jirani wawili, Stanley na Brian, wamshushe mumewe. Walimbeba na kiti chake cha plastiki, wakakitua kwenye ardhi ngumu kando ya maji, wakaondoka. Magdalena alitandika khanga, akaketi chini karibu naye. Jua lilipopanda, kereng'ende mwekundu alizunguka mara mbili, akatua kwenye mkono wa kulia wa Thomasi, ule usiohisi.

"Ametua mkononi mwako," Magdalena alinong'ona.

"Namwona."

Stanley na Brian waliporudi kumchukua mzee, Magdalena aliwaomba waje tena baadaye. Waliendelea kushuka kila Jumamosi, mpaka masika yakafanya njia iteleze.