Amplifaya Isiyokula Betri

Jamani, naikataa hii habari mpaka sasa. Fundi Magesa hatunaye! Mara mbili nimeshika simu nimwambie kuna msiba, ndipo nakumbuka msiba ni wake.

Kwa msiomjua: tulihamia pamoja kijiji cha Ujamaa kule Bukima, vijana wabichi. Mimi kwaya, yeye redio.

Kijiji kilikuwa na amplifaya moja, inatumia betri ya gari. Ilichemka mpaka tunaipashia mikono joto! Wimbo wa tatu, betri kwisha, tunaifunga kwenye baiskeli kwenda kuchaji Musoma.

Magesa ilimkera kweli. "Betri yetu inaishiaga kwenye moto," alisema. "Wimbo unapata makombo."

Kwenye jarida kuukuu la mafundi akasoma habari za amplifaya za class D: transista zinafunguka na kufungika haraka kuliko sikio linavyoweza kufuata, kwa hiyo hazichemki. Akaiunda yake ndani ya kopo la biskuti. Miezi!

Siku ya sound check tuligusa kopo. Baridi kabisa! Tukashangilia.

Kisha tukaimba. Mungu wangu! Besi hakuna, kila "s" inakwaruza, kwaya nzima kama dagaa kwenye mafuta ya moto.

Kumbe na redio za jirani zote zilikuwa zinanguruma. Mwenyekiti wa kijiji akaja na yake mkononi. "Magesa, zima hiyo kitu. Umetukaangia taarifa ya habari."

Basi, akaitwa Fundi Dagaa tangu siku ile. Walimcheka miaka, na mimi nilicheka, nakiri. Yeye alijibu kwa upole kwamba transista za wakati ule zilikuwa na mwendo mzito mno kwa kazi hiyo. Wazo ni zima, vifaa ndiyo bado.

Mwaka jana nikaona bodi ya class D dukani Mwisenge, ndogo kama kiberiti. Nikampelekea mbio!

Tukaiunga kwenye betri, tukaweka wimbo wa kwaya. Besi imetulia, "s" laini, unasikia mpaka mtu anavuta pumzi. Magesa akaweka kidole juu ya bodi. Baridi.

Mzee alilia huku anacheka. "Vifaa vimefika," akasema.

Leo tumekuimbia kwa bodi hiyohiyo, toka asubuhi mpaka tumekushusha. Betri moja tu, Magesa! Nimeipima mwenyewe tulipomaliza.

Lala salama, Fundi Dagaa. Betri bado inayo chaji.