Insha ya Kazi ya Mama

Mjukuu wangu anachonga penseli hapa mezani, na harufu yake inanirudisha Kangemi, kwenye dawati tulilokalia wanne. Mwalimu alitupatia insha: kazi ya mama yangu. Mimi sikujua kudanganya. Niliandika vile mama alivyopika chang'aa, pombe iliyopigwa marufuku, kando ya mto, mahali alipofukia pipa, na moshi ulivyomchoma macho. Mwalimu alifurahi. Desturi yake, insha bora ilisomwa paredi Ijumaa, shule nzima ikisikiliza. Nilisimama mbele nikivimba kwa fahari. Mtoto wa chifu alikuwa mstari wa pili.

Jumatatu askari walikwenda moja kwa moja kwenye pipa. Mama, pingu mkononi, aliniuliza tu, "Uliwaambia mpaka mahali?"

Sikurudi darasani, kulikuwa na wadogo wangu wa kulisha. Nyumba hii ya Uthiru niliijenga kwa kuuza mboga ya sukuma, na simwonei mtu haya.

"Shosho, kwenye insha ya shule wanataka kitu kilichonibadilisha, ama shida ya dunia," mjukuu anasema. "Niandike vile baba alifutwa kazi?"

"Andika barafu ya huko mbali inayoyeyuka," namwambia. "Hiyo si mama wa mtu."