Kichupa cha Mwana wa Mama Sweta

Mji wao ulikuwa na joto la kumvua mtu hata mawazo, na bado Mama Sweta alifuma masweta. Mashine yake ya kufumia ilikaa chumba cha mbele, dirishani, ikienda kushoto na kulia tangu asubuhi, na jirani yake msusi hakuchoka kumchokoza.

"Shoga, hao unaowafumia wanaishi ndani ya friji?"

"Wanaishi shuleni. Wewe suka."

Kweli, shule zilidai sweta, joto liwepo lisiwepo. Lakini hakuanza kufuma kwa ajili ya shule. Alianza kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mvua ya ghafla tu, au maji ya kuoga yaliyosahaulika kupashwa, na maumivu yalimwingia mifupani akalia kama mtu anayevunjwa. Basi mama mtu akaitangazia baridi vita. Akajifunza kufuma. Akaziba nyufa zote za dirisha kwa vitambaa. Akamkanda mikono na magoti kwa taulo la moto, huku mgonjwa akitoa amri kutoka kitandani: "Shuka kidogo, mama. Hapo hapo. Kesho nakupandisha cheo." Ndipo akaitwa Bosi. Alifariki akiwa ndiyo kwanza anaota ndevu, chache mno, lakini akizichana kwa kitana kila siku kama mtu mwenye shughuli.

Miaka ikapita. Mtoto wa pili, binti, akaingia chuo kikuu, na nyumbani wakampa uprofesa kabla chuo hakijampa hata kiti cha kukalia. Profesa alikuwa anaandika utafiti wa kumalizia shahada, juu ya usomaji wa jenomu na athari zake kwa jamii. Alivyomweleza mama yake, ni kuchukua damu ya mtu na kusoma urithi wake wote, mwanzo mpaka mwisho, halafu kujiuliza: haya yaliyosomwa ni ya nani, na aulizwe nani?

"Jamii ndiyo nani?" mama aliuliza, sindano mdomoni. "Mimi ni jamii?"

"Wewe ni jamii, mama."

"Mbona sijaulizwa?"

Profesa akacheka, akavuta kiti, akaamua kumfanyia mazoezi ya mahojiano palepale. Akakaza sauti ya kisomi. "Je, kuna ndugu yako aliyewahi kutoa damu kwa ajili ya utafiti?"

"Si kaka yako? Walimtoa kule kliniki. Akamwambia nesi akiitumia ovyo anamfukuza kazi."

Kalamu ya Profesa ikasimama. Hilo hakulijua; enzi hizo alikuwa mdogo. Kesho yake akaenda kuulizia kwenye maabara ya chuo, maana sampuli za kliniki zilipelekwa huko. Alirudi anahema, na badala ya kutafuta maneno ya kuanzia, akaropoka mlangoni: "Mama! Kaka bado yupo! Yupo kwenye friza!"

Mama Sweta akakaa chini. Sakafuni, si kwenye kiti.

"Namaanisha damu yake, mama. Kichupa kimoja. Kidogo sana, hata kijiko hakijai."

"Nimekusikia," mama alisema. "Yupo."

Kuanzia hapo, umeme ukikatika tu, simu ya Profesa ililia.

"Huko chuoni umeme upo?"

"Mama, kuna jenereta."

"Ina mafuta?"

"Ina mafuta."

"Kaangalia nani? Jenereta si dini, usiiamini bila kuiona."

Na asubuhi, kabla ya kugusa uzi, aligeukia upande wa chuo na kusema chini chini, "Umeamkaje, Bosi?" Alisema polepole ili msusi asisikie. Msusi alisikia kila kitu, na hakufanya mzaha. Kwa mtu kama msusi, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kusuka.

Kisha maabara wakapiga simu. Ruhusa aliyoitoa Bosi zamani ilikuwa ya kipimo kimoja tu. Sasa walitaka kusoma jenomu yake nzima, na kwa kuwa mwenyewe hayupo, lazima mama aulizwe. Profesa hakuruhusiwa kutia neno. Msimamizi wake alikuwa amemwambia waziwazi: huyu ni ndugu yako, basi funga mdomo. Kwa hiyo siku hiyo alimsindikiza mama mpaka mlango wa vioo wa maabara, akabaki nje.

Mtunza friza alikuwa mwanamume mpole, miwani yake imeungwa kwa plasta. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kukataa. Ila kwanza nataka kumwona."

Hakushangaa. "Ni haki yako. Ila nikueleze ukweli wote. Iliyobaki inatosha kusomwa mara moja tu. Ikisomwa, imekwisha. Ukikataa, tunaendelea kuitunza."

"Na mkiisoma?"

"Huenda tukajua kwa nini maumivu yake yalikuwa makali kuliko ya wenzake. Huenda tukawasaidia wengine. Huenda, mama. Sikuahidi."

Alimpa glavu, akafungua friza. Moshi mweupe ukamwagika hadi miguuni mwao. Akamwekea kiganjani kichupa kidogo kuliko kidole, kimevaa ukungu wa barafu. Baridi ikapenya glavu kama haipo.

"Mbona ana baridi hivi?"

"Ndivyo inavyotunzwa. Barafu ya nyumbani haifui dafu hapa."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Mama Sweta akafumba kiganja. Mkono wa pili ukaja juu yake bila kutumwa, ukaanza kukanda.

"Mama, usiipashe joto hivyo, itaharibika!"

Akaacha kukanda, lakini hakufungua. "Unajua huyu alikuwa anaogopa nini duniani?" aliuliza. "Simba hakuogopa. Sindano hakuogopa. Na mimi, mama yake, nimekaa nyumbani kuulizia mafuta ya jenereta. Asije akapata joto."

Mtunza friza alitazama viatu vyake.

Mama Sweta alikuwa amekuja kukataa, na bado alitaka kukataa. Alitaka pawe na mahali, popote, penye kitu cha Bosi cha kukisalimia asubuhi. Akisema ndiyo, kesho atageukia upande gani? Alisimama hivyo mpaka vidole vikafa ganzi. Na vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyoamua.

"Mtoeni humo," alisema. "Someni. Lakini mtoeni."

Akamrudishia kichupa, akaweka sahihi. "Mnayeyushaje?"

"Kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, mama. Joto la mwili."

"La mwili wa mtu?"

"Wa mtu."

"Basi nitakaa."

Akaletewa kiti. Mtunza friza akamfungulia mlango Profesa, kwa kuwa sahihi ilishatiwa, naye akaja kusimama nyuma ya mama yake. Kichupa kikashushwa majini, ukungu ukajivua. Damu ikawa nyeusi, kisha nyekundu.

Kichupa kilipochukuliwa, Mama Sweta aliomba beseni lisimwagwe kwanza. Akavua glavu, akatumbukiza mkono majini, akauacha humo. Hakuna aliyemharakisha.